Tucson au Albuquerque? Mwongozo kamili wa kuchagua mji wa kustaafia kabla hujahamisha hata sufuria

Mwaka huu nimepigiwa simu nne na watu wanaotaka kulia, na zote zimekuja kati ya Juni na Agosti. Hadithi ni ileile. Mtu kafanya kazi ya kulea wazee Minnesota au Ohio miaka ishirini na kitu, mgongo umekwisha, theluji imemchosha, anaenda kutembea Tucson, jimbo la Arizona, mwezi wa pili anakuta nyuzi 20, machungwa yameiva kando ya barabara, watu wamevaa kandambili, basi palepale anasaini mkataba. Mwezi wa sita jua linapiga nyuzi 40 ndo anatafuta namba yangu.

Wengine kinyume chake. Wanaenda Albuquerque, jimbo la New Mexico, mwezi wa kumi kwenye lile tamasha la maputo, anga imejaa rangi, kahewa kazuri, wanahamia, halafu wanagundua kila daktari wanayempigia anawapa tarehe ya miezi kadhaa mbele na ngazi za ghorofa moja zinawatoa pumzi.

Mie na mume wangu tulifanya kosa la kwanza kwahiyo simcheki mtu. Tuliishi Tucson kiangazi kimoja, saivi tuko Albuquerque, na bado kuna watu nawaambia wasije huku, waende Tucson. Mji hauchaguliwi kwa uzuri wake, unachaguliwa na mwili wako, daktari wako na mwezi mbaya wa mwaka.

Fuata hatua kwa mpangilio huu. Watu wanaanza na nyumba. Humu nyumba ni hatua ya nane.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Makadirio ya malipo kutoka akaunti yako ya mtandaoni ya Social Security (pensheni ya serikali kuu), ya kwako na ya mwenzio. Angalia kama mna pointi 40 za kazi, zako au zake, maana bila hizo Part A ya Medicare, yaani sehemu ya hospitali ya ile bima ya serikali ya wazee, haiji bure.
- Kadi ya Medicare na jina kamili la plani uliyonayo. "Nina Medicare" haitoshi, plani ipi?
- Orodha ya dawa zote, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku.
- Muhtasari wa afya kutoka kwa daktari wako wa sasa, hasa moyo, mapafu, figo na sukari.
- Taarifa za benki za miezi 12, sio mitatu.
- Daftari moja. Kurasa za kushoto Tucson, za kulia Albuquerque.
- Hela ya safari mbili, kulala wiki mbili kila mji.
- Mwenzi wako kama unaye, akiwa amekaa hapohapo mezani, sio kwenye spika ya simu akiwa jikoni.

## Hatua ya 1: Uulize mwili kabla ya kuuliza macho

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya hii miji ni mwinuko. Tucson iko kama mita 730 juu ya bahari, yaani karibu na Moshi mjini. Albuquerque iko kama mita 1,600, na ukipanda mitaa ya Northeast Heights kuelekea milima ya Sandia unazidi hapo. Hiyo ni karibu na Iringa, inaikaribia Nairobi. Utaniambia "mie nimezaliwa Mbeya, mwinuko haunitishi", sawa, ulizaliwa huko ukiwa na mapafu mapya, saivi una miaka 67 na umekaa tambarare miaka thelathini.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, mwenye moyo dhaifu, mwenye selimundu, anayelala na mashine ya oksijeni: usikanyage Albuquerque kwa kuhamia mpaka daktari wako wa moyo au mapafu aseme. Kuna dada mmoja nilimshauri aje huku kwa sababu tu mie napapenda, mapafu yake mabovu na nilijua, wiki ya tatu akawa anatembea na oksijeni mchana kutwa. Akashuka Tucson, saivi anaitumia usiku tu. Hilo kosa ni langu na ndo sababu hatua hii iko ya kwanza.

Tucson nayo ina yake. Kwanza joto: siku zinazopita nyuzi 38 ni zaidi ya 60 kwa mwaka. Kama unakunywa dawa za presha zile za kukojoza, au figo zako zinalegalega, joto hilo linakukausha kabla hujahisi kiu. Pili kuna ugonjwa unaitwa Valley fever, na tafadhali usichanganye na homa ya Bonde la Ufa ya mifugo tunayoijua kwetu, hakuna undugu. Huu ni fangasi wa kwenye udongo wa jangwani, unavuta na vumbi, unakuja kama mafua mazito: kikohozi, homa, uchovu wa wiki nyingi. Hauambukizwi mtu kwa mtu na wengi wanapona wenyewe. Ila wazee na wenye kisukari unawapiga vibaya zaidi, na sisi watu wenye asili ya Afrika tuna hatari kubwa zaidi ya huo fangasi kutoka mapafuni na kusambaa mwilini. Hiyo wauza nyumba hawakwambii. Albuquerque haina usalama wa asilimia mia lakini kitovu cha huo ugonjwa ni kusini mwa Arizona.

Onyo: ukihamia Tucson na ukapata "nimonia" isiyosikia dawa, mwambie daktari akupime damu kwa Valley fever. Ligusie wewe, usisubiri alitaje yeye.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sentensi ya daktari wako imeandikwa daftarini, kwa mfano "mwinuko wa mita 1,600 hauna shida kwake" au "asikae kwenye joto kali". Kama sentensi imeshakata mji mmoja, hongera, umeokoa miezi mitatu. Ruka uende hatua ya pili ukiwa na mji mmoja tu.

## Hatua ya 2: Tafuta daktari kabla ya nyumba

Hapa ndo watu wanafeli zaidi na ndo hatua rahisi kuliko zote, ni simu tu.

New Mexico ina uhaba wa madaktari, hilo sio siri, hata wenyeji wanalalamika. Albuquerque ndo penye nafuu ndani ya jimbo, ina hospitali ya chuo kikuu ya UNM yenye kitengo pekee cha majeruhi cha daraja la kwanza jimboni, ina Presbyterian, ina Lovelace, na kwa waliotumikia jeshi ina hospitali ya VA. Majengo sio tatizo. Tatizo ni daktari wa kawaida wa kukuona kila miezi mitatu. Tucson nayo ina foleni lakini uzoefu wangu ni kwamba inasogea, kuna Banner ya chuo kikuu, kuna VA, na mji umezoea wastaafu miaka mingi.

Fanya hivi:

1. Andika aina za madaktari unaowahitaji. Sio "daktari", andika "wa kawaida, wa macho ya kisukari, wa moyo".
2. Pigia kliniki tano kila mji. Uliza maswali matatu tu: mnapokea mgonjwa mpya wa Medicare? Plani yangu mnaichukua? Tarehe ya kwanza iliyo wazi ni lini?
3. Andika tarehe waliyokupa, na siku uliyopiga.
4. Uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa bure, kwa kawaida kwa simu. Hata kama wewe Kiingereza unakimwaga, siku ukiwa na maumivu makali lugha inarudi ya mama.

Usiamini orodha ya madaktari kwenye tovuti ya bima. Yangu ilikuwa na daktari ambaye nilivyopiga nikaambiwa ameshafariki, na mwingine alikuwa wa watoto.

Kama kwenye mji mmoja umepata miadi ya ndani ya wiki sita na mwingine wanakwambia miezi mitano, huo ndo ukweli wa mji.

## Hatua ya 3: Panga Medicare isikatike katikati ya barabara

Medicare ya kawaida inasafiri na wewe jimbo lolote. Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni za bima, haisafiri, inafungwa na kaunti, ukitoka eneo lake ni kama umeacha mwavuli nyumbani. Wengi wetu tuna hiyo bila kujua kwa sababu tulisainishwa na ajenti aliyekuja kanisani na pizza.

Ukihama unapewa dirisha maalum la kubadilisha, huna haja ya kusubiri lile la kila mwaka la 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Ukiwaarifu watu wa plani yako kabla ya kuhama, dirisha linafunguka mwezi mmoja kabla ya mwezi wa kuhama na linaendelea miezi miwili kamili baada yake. Waarifu mapema basi.

Jambo la dhahabu: ile bima ya kujazia inayoitwa Medigap, ukishapita miezi sita ya kwanza ya kuwa na Part B (sehemu ya madaktari) ukiwa na 65, kampuni inaweza kuuliza magonjwa yako na kukukataa. Ila ukihama nje ya eneo la Medicare Advantage yako na ukarudi Medicare ya kawaida, unapata haki ya kununua aina kadhaa za Medigap bila kuulizwa, ndani ya siku 63 tangu plani ya zamani ikome. Kwa mtu mwenye kisukari na presha hiyo ni nafasi adimu sana na watu wanaipitisha bila kujua.

Usifanye peke yako. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, mpango unaitwa SHIP. Tucson unawapata kupitia Pima Council on Aging, New Mexico kupitia idara ya wazee ya jimbo. Hawauzi bima. Beba orodha yako ya dawa wakutafutie plani inayozilipia.

## Hatua ya 4: Nenda mwezi mbaya

Tucson nenda katikati ya Juni au mwanzo wa Julai. Albuquerque nenda mara mbili kama unaweza, Januari kwa baridi na Machi au Aprili kwa upepo. Kama unaweza mara moja tu, chagua upepo.

Kwa nini? Kwa sababu mwezi mzuri wa mji wowote wa jangwani ni mzuri, hata mie ningependa kuishi Tucson Februari maisha yangu yote. Januari ya Tucson mchana ni nyuzi 19 hivi. Albuquerque mwezi huohuo usiku maji yanaganda, wastani unashuka chini ya sifuri, theluji inaanguka kidogo ikayeyuka saa sita mchana. Julai Albuquerque ni kama nyuzi 34 na jioni inapoa unakaa barazani, Tucson usiku bado ukuta wa nyumba unakurudishia joto.

Kisha kuna mvua za monsuni, Arizona wanazihesabu kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Mvua inapiga nusu saa, mito mikavu inajaa ghafla. Kuna sheria kabisa kwamba ukizunguka kizuizi ukaingiza gari majini ukakwama, gharama za kukuokoa zinaweza kuwa zako.

Machi na Aprili Albuquerque upepo unarusha vumbi na chavua ya mijunipa na miforosadi. Mume wangu hajawahi kuwa na mzio maisha yake yote, hapa kila Machi macho ni mekundu kama kalewa.

Ukiwa kule usikae kama mgeni. Usilale hoteli, panga apatimenti. Fanya haya:

- Nenda sokoni saa nane mchana, egesha gari juani, rudi na mifuko, shika usukani. Ndo utaelewa.
- Tembea dakika 20 saa kumi na mbili asubuhi na tena saa mbili usiku. Angalia kama kifua kinakubali.
- Panda basi. Mabasi ya miji yote miwili hayatozi nauli kwa sasa, Tucson tangu 2020, Albuquerque walijaribu 2022 wakafanya ya kudumu 2023. Kuna siku utaambiwa usiendeshe tena.
- Tembelea mtaa uliokuvutia usiku wa Ijumaa. Wizi wa magari Albuquerque ni tatizo la kweli, Tucson nako si malaika. Mtaa kwa mtaa inatofautiana sana, kwahiyo waulize majirani, sio dalali.
- Pika maharage. Sitanii. Albuquerque maji yanachemka kama nyuzi 95, maharage yanagoma, utahitaji presha kuka.

Dalili kwamba mji unakufaa ni siku ya kumi, sio ya pili. Siku ya kumi ya mwezi mbaya kama bado unatoka nje kwa hiari yako, andika "ndiyo". Kama umejifungia ndani na pazia unahesabu siku za kuondoka, usijidanganye kwamba utazoea.

## Hatua ya 5: Piga hesabu, lakini usiiabudu

Lugha yetu ina neno moja la kodi, ya pango na ya serikali, kwahiyo ujue hapa naongelea ya serikali.

Arizona kodi ya mapato ni asilimia 2.5 kwa wote, na Social Security haiguswi. New Mexico ina ngazi, kutoka 1.5 hadi 5.9, ila tangu mwaka wa kodi 2022 Social Security haitozwi kama kipato hakizidi dola 100,000 kwa mtu mmoja au 150,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Wengi wetu tuko chini ya hapo. Pensheni ya jeshi: Arizona haitozi kabisa, New Mexico inasamehe hadi dola 30,000. Hakuna kati yao yenye kodi ya mirathi.

Kodi ya mauzo Tucson ni karibu asilimia 8.7, Albuquerque karibu 7.6. Ukiishia hapo utasema Albuquerque ni rahisi, kumbe New Mexico inatoza hadi huduma, fundi bomba, wakili, fundi paa, wote wanakuongezea hiyo asilimia kwenye bili. Mwaka tuliotengeneza paa niliihisi.

Kodi ya nyumba ndo yenye mtego. New Mexico thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka kwa mwenye nyumba yuleyule, lakini ikiuzwa inarudi kwenye bei ya soko. Maana yake ukiona tangazo linasema kodi ya nyumba hii ni kiasi fulani, hiyo ni kodi ya bibi aliyekaa humo tangu zamani, yako itakuwa kubwa zaidi, pengine sana. Piga simu ofisi ya mthamini wa kaunti ya Bernalillo waulize yako itakuwaje. Miji yote miwili ina mpango wa kuganda kwa thamani kwa wenye 65 na kipato cha chini, Arizona wanataka uwe umeishi kwenye nyumba miaka miwili kwanza. Hauji wenyewe, unaomba.

Umeme: usikubali bili ya mwezi mmoja. Omba bili za miezi 12 za nyumba hiyohiyo. Tucson kilele ni kiangazi, Albuquerque una umeme kiangazi na gesi ya kupasha nyumba majira ya baridi, kwahiyo jumla ya mwaka ndo ya kulinganisha.

Maji wote ni jangwa. Tucson inategemea sana maji ya mto Colorado yanayoletwa na mfereji wa kilomita 540 hivi, na tangu 2022 Arizona imekuwa ikikatwa mgao. Tucson walijiwekea akiba kubwa chini ya ardhi, wenyewe hawana hofu sana, mie ningekuwa na miaka 40 ningejali, nina 68.

Baada ya hapo una namba moja kwa kila mji, ya mwaka mzima. Tofauti ikiwa chini ya dola 2,000, ifute. Isikuamulie.

## Hatua ya 6: Nani atabeba jeneza, nani ataleta uji

Miji yote miwili ina wakimbizi waliopokelewa miaka mingi, Wakongo, Warundi, Wasomali, kwahiyo Kiswahili utakisikia, ila si kama Columbus wala Dallas. Usitegemee chama cha Watanzania cha kila kona. Nenda ibada mara mbili, au msikitini Ijumaa mbili, uone kama mtu anakuuliza unakaa wapi.

Simu za nyumbani: Arizona haibadilishi saa, kwahiyo mwaka mzima Afrika Mashariki iko mbele saa kumi. Saa mbili asubuhi yako ni saa kumi na mbili jioni kwao, milele. New Mexico inabadilisha, kiangazi tofauti ni saa tisa. Dogo, lakini mama yangu Tanga hajawahi kuelewa kwa nini kila Machi naanza kuwahi kupiga.

Safari: kutoka Tucson uwanja mkubwa wa Phoenix ni kama kilomita 180, unaendeshwa masaa mawili unapanda ndege kubwa. Albuquerque kila safari ya mbali inaanza na kandege ka kuunganisha.

Na unga. Kwenye maduka ya Kimeksiko utaona unga mweupe wa mahindi umeandikwa masa, usiununue ukadhani sembe, ule mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ugali wake una ladha ya ukuta mpya. Tafuta duka la Waafrika au agiza.

## Hatua ya 7: Panga nyumba mwaka mmoja, usinunue

Hata kama una hela taslimu. Panga miezi 12, mkataba uanze kabla ya mwezi mbaya, sio baada yake.

Kabla ya kusaini uliza nyumba inapozwa na nini. Kuna kiyoyozi cha kawaida na kuna kile kipoozeo cha juu ya paa kinachopuliza hewa kupitia pedi zilizolowa maji. Cha maji ni rahisi kwa bili na Albuquerque kinafanya kazi vizuri miezi mingi. Tucson kinafaa Juni hewa ikiwa kavu, mvua za Julai zikija na unyevu hakina kazi tena, kinakupulizia mvuke. Yetu ilikuwa hiyo. Mwenye nyumba alisema "kiyoyozi kipo" na mie sikupanda kuangalia.

Onyo la dawa: zinazokuja kwa posta, hasa insulini, zisikae kwenye sanduku la barua la chuma Tucson kiangazi. Ziagize zifikie famasi.

Mwaka ukiisha na umeonwa na daktari angalau mara tatu, umejua bili zako na una mtu wa kumwachia ufunguo, nenda hatua ya nane. Kimoja kikikosekana, ongeza miezi sita.

## Hatua ya 8: Ukinunua

Ngazi hapana. Bafu la kuingia bila kuruka ukingo. Milango ipite kiti cha magurudumu. Nimelea wazee miaka 22, najua wanaangukia wapi: bafuni usiku.

Lipia mkaguzi wako mwenyewe, sio wa dalali, na umwambie aangalie mambo manne. Paa, kwa sababu miji hii ina mapaa bapa mengi na yanavuja. Mchwa, hasa Tucson. Umri wa mashine ya kupoza. Na ramani ya mafuriko, maana kile kijito kikavu kizuri nyuma ya nyumba kina siku yake.

Kwenye jumuiya za wazee za miaka 55 na kuendelea, kama Green Valley kusini mwa Tucson, soma sheria zao kabla. Kuna zinazokataza mjukuu kukaa zaidi ya wiki kadhaa. Sisi watu wetu wanakuja "wiki mbili" wanakaa miezi minne.

## Hatua ya 9: Makaratasi ya wiki ya kwanza

Arizona na New Mexico zote zinahesabu mali mliyochuma ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili nusu kwa nusu. Kama ulitoka jimbo lisilo hivyo, au una watoto wa ndoa ya kwanza huko nyumbani, mwone wakili wa hukohuko mpitie wosia upya. Uliza pia kuhusu hati ya kumpa nyumba mrithi moja kwa moja ukifa bila kupita mahakamani, majimbo yote mawili wanayo.

Kama mpango ni nusu mwaka huku nusu mwaka Arusha au Mombasa: Medicare nje ya Marekani hailipi, ukiacha hali chache mno. Na kama si raia, malipo ya Social Security yanaweza kusimama ukikaa nje zaidi ya miezi sita, na green card yenyewe inaanza kuulizwa maswali. Maliza hilo kabla ya kukata tiketi.

Jaza fomu ya nani akuamulie matibabu usipoweza kusema. Andika unataka kuzikwa wapi, na hela ya kukusafirisha iko wapi, ili watoto wasianze kuchangisha na kugombana kwenye grupu la WhatsApp.

Mwisho chukua karatasi moja, andika dawa zako, magonjwa, jina la daktari mpya, namba mbili za simu za watu walioko mji huohuo, ibandike kwenye mlango wa friji. Wale wa ambulensi wakiingia ndani mara nyingi wanaangalia hapo. Kama huna majina mawili ya kuandika, rudi hatua ya sita.